Mbona Hii Tupashe Moto na Ile Tusipashe?

Ndugu msomaji, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kutouliza kunaweza kukugharimu alama, na wakati mwingine kunakugharimu hamu yote ya somo. Hebu nikusimulie kisa kilichonipata muhula wa pili katika maabara yetu, halafu nitoe maoni yangu. Ukimaliza kusoma na uone nimepotoka, jarida hili ni letu sote, nijibu mwaka ujao.

Wiki moja kabla ya kisa chenyewe tulikuwa tumefanya titresheni ya chumvi ya chuma. Wenzangu wa kidato cha tatu wanakumbuka. Unatia potasiamu pamanganeti, ile dawa ya zambarau, ndani ya bureti. Unapima kwa pipeti sentimita 25 za ujazo za mmumunyo wa chuma(II), ambao sisi huita chuma mbili. Unautia katika chupa ya koni pamoja na asidi salfuriki, kisha unafungua bureti polepole. Tone la zambarau likigusa tu, rangi inapotea. Jingine, inapotea. Unaendelea hivyo hivyo hadi tone moja linakataa kupotea, na chupa nzima inakuwa na rangi hafifu ya waridi. Hapo unafunga na kusoma. Sote tulipenda siku hiyo. Hata wale wanaokaa nyuma walikuwa mbele.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya asidi oksaliki. Pamanganeti ni ile ile, bureti ni ile ile. Tofauti ilikuwa sentensi moja tu katika karatasi ya maagizo: kwanza pasha mmumunyo moto hadi nyuzi kati ya 60 na 70. Sasa, wewe unajua shule yetu. Jiko la gesi moja tunalitumia makundi matatu, na saa haingoji mtu. Nikajiambia, wiki jana hatukupasha chochote na tukapata majibu mazuri, ya nini leo kupanga foleni? Nikaanza bila moto.

Tone la kwanza likaanguka. Rangi haikupotea. Nikatikisa chupa, wapi! Waridi imekaa pale pale inanitazama. Nikafurahi kweli kweli, nikadhani nimekuwa wa kwanza darasani kumaliza. Nikaandika katika jedwali langu 0.20, tena nikapiga mstari kwa rula. Kundi la jirani lilipoona walicheka hadi mwalimu akaja kuuliza kuna nini. Siku hiyo nilipata alama 2 kati ya 15, na hizo 2 zilikuwa za kuchora jedwali.

Sikulia kwa sababu ya alama. Kosa lilikuwa langu, maagizo niliyaona. Lakini niliinua mkono nikauliza, "Mwalimu, mbona hii tupashe moto na ile ya chuma tusipashe?" Nikajibiwa, "Andika tu: pasha hadi 60 au 70. Sababu yake haiulizwi kwenye mtihani." Nikaandika. Darasa zima likaandika. Mwenzangu wa dawati, ambaye tangu kidato cha kwanza husema anataka kuwa muuguzi, akafunga daftari lake na kuninong'oneza, "Wacha zako. Kemia ni kukremu tu, na mimi kukremu nimechoka."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Simlaumu mwalimu. Silabasi ni ndefu, vipindi ni vichache, na sisi wa shule ya kutwa tukifika saa kumi tunatawanyika, wengine kwenda kuchota maji, wengine kwenda kuuza dukani. Maoni yangu ni haya: swali la "kwa nini" na "vipi" si mapambo ya kemia. Ndilo kemia yenyewe. Tukilikatia nafasi tunabaki na orodha ya maagizo, na mtu hawezi kupenda orodha ya maagizo. Nitakuonyesha kwa kulijibu swali langu mwenyewe, maana nilikwenda nikalitafuta.

Kwanza utaona kwamba halikuwa swali la kitoto. Sote tumefundishwa kwamba katika titresheni hizi mbili kinachohama ni elektroni. Chuma kinatoa elektroni, pamanganeti inapokea. Asidi oksaliki nayo inatoa elektroni, pamanganeti ile ile inapokea. Nikaazima kitabu cha kidato cha nne, nikafungua jedwali la volti, lile linaloonyesha nani ana hamu ya kutoa elektroni na nani ana hamu ya kupokea. Pamanganeti katika asidi ina volti 1.51. Chuma kina volti 0.77. Tofauti yao ni 0.74. Asidi oksaliki iko chini ya sufuri, karibu 0.49 hasi. Toa mwenyewe: tofauti yake na pamanganeti ni kama volti 2.

Umeona jambo hilo? Kwa jedwali, asidi oksaliki ndiyo yenye hamu kubwa zaidi ya kutoa elektroni. Ingepaswa kuishinda chuma mbio. Lakini chuma ndicho kinachotoa papo hapo kikiwa baridi, na asidi oksaliki inakaa kama mtu aliyeitwa kazini akajifanya hasikii. Kwa hiyo hamu si mwendo. Jedwali linakuambia kama safari inawezekana, halikuambii itachukua muda gani wala njia ina vilima vingapi. Mimi sikuwahi kuambiwa hivyo darasani, nami naamini wengi wetu tungefanya mtihani hadi mwisho tukidhani volti kubwa ni mwendo mkubwa.

Jibu nililipata katika kitabu kikuukuu cha chuo kikuu nilichokinunua kwa wauza vitabu vya mitumba kando ya stendi. Nusu yake sikuielewa. Hiyo nusu niliyoielewa nitakugawia.

Sisi huandika chuma(II) kama herufi mbili na alama mbili za kujumlisha, kana kwamba kinaelea peke yake ndani ya maji. Hakielei peke yake. Kila ayoni ya chuma imezungukwa na molekuli sita za maji zilizoishika, kila moja imegeuza upande wake wa oksijeni kuelekea chuma. Metali pamoja na hao wanaoishika huitwa komplekisi, na wanaoishika huitwa ligandi. Chuma ni mojawapo ya metali za mpito, kama vile manganizi, kobalti, kromiamu na shaba. Metali hizi zina tabia ya kubadilisha chaji yake bila shida na kuzungukwa na ligandi za aina aina.

Sasa, chuma(II) kina chaji mbili na chuma(III) kina chaji tatu. Mwenye chaji kubwa huvuta maji karibu zaidi. Kutoka katikati ya chuma(II) hadi kwenye oksijeni ya maji ni karibu pikomita 213. Kwa chuma(III) ni karibu pikomita 200. Pikomita ni kipimo kidogo mno: gawa mita moja mara milioni, kisha kila kipande ukigawe tena mara milioni. Tofauti ya 13 tu, utasema si kitu. Subiri.

Chukua chuma(II) na chuma(III) uvitie katika chupa moja. Hakuna rangi inayobadilika, hakuna povu, hakuna joto. Ukitazama utasema hakuna kinachotokea. Kumbe elektroni zinahama mle ndani muda wote: chuma(II) inampa jirani elektroni moja na kuwa chuma(III), na jirani anakuwa chuma(II). Mwishowe hesabu ni ile ile, ni kama wewe na mimi tumebadilishana shilingi kumi kwa shilingi kumi. Wanasayansi walijuaje? Walitumia chuma chenye mnururisho. Walikitia upande mmoja tu, wa chuma(II) au wa chuma(III), wakaacha muda upite, kisha wakatenganisha pande mbili na kupima ni kiasi gani cha mnururisho kimevuka upande wa pili. Majaribio ya aina hii yalishamiri baada ya Vita Vikuu vya Pili, malighafi zenye mnururisho zilipoanza kupatikana maabarani.

Na hapo ndipo ajabu ilipotokea. Kwa kuwa pande zote mbili zinafanana, hakuna volti ya kusukuma wala kuzuia. Ungetarajia metali zote ziende mwendo mmoja. Hazikwenda. Komplekisi ya rutheniamu iliyozungukwa na amonia sita hubadilishana elektroni kwa mwendo unaozidi ule wa kobalti iliyozungukwa na amonia sita zile zile kwa zaidi ya mara milioni mia moja. Amonia ni hiyo hiyo, idadi ni hiyo hiyo. Kwa nini?

Aliyeeleza vizuri ni Rudolph Marcus, mtu aliyezaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1923, akafanya kazi Marekani. Alianza kuchapisha maelezo yake mwaka 1956 na akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1992. Nitayasema kwa lugha yangu. Elektroni ni nyepesi sana na huruka haraka mno, haraka kiasi kwamba atomu zilizo karibu hazipati hata nafasi ya kugeuka. Ikiruka ghafla kutoka chuma(II) hadi chuma(III), basi chuma(III) mpya itajikuta na maji yaliyokaa mbali kama ya chuma(II), na chuma(II) mpya itajikuta imebanwa na maji ya karibu. Hali hiyo ina nishati nyingi kuliko ile ya mwanzo. Nishati hiyo imetoka wapi? Haikutoka popote, na sheria ya nishati haikubali kitu cha bure. Kwa hiyo elektroni hairuki.

Ni lazima kwanza pande zote mbili zijipange. Maji ya huyu yasogee kidogo, ya yule yajivute kidogo, na hata maji ya mbali zaidi yanayozunguka komplekisi nzima yageuke, hadi pande mbili zifikie hali ambayo elektroni ikiwa huku au ikiwa kule ni sawa tu. Hapo ndipo inavuka. Umewahi kuona makanga wawili wakipokezana chenji kupitia madirishani, matatu zikiwa barabarani? Moja ikienda mbio na nyingine imesimama, haiwezekani. Mpaka moja ipunguze, nyingine iongeze, zitoshane sambamba, ndipo mkono unapofika. Kazi yote iko katika kutoshana. Kupokezana kwenyewe ni kufumba na kufumbua.

Sasa rudi kwa rutheniamu na kobalti. Rutheniamu ikibadilisha chaji, amonia zake husogea karibu pikomita 4 tu. Kobalti ikibadilisha chaji, amonia zake husogea karibu pikomita 20. Kobalti ina safari ndefu ya kujipanga kabla elektroni haijavuka, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya kuchelewa kwake. Chuma katika maji, kwa zile pikomita zake 13, kiko katikati. Wahenga wetu hawakuwa na maabara, lakini walikwisha sema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kobalti lazima iiname sana.

Nilivyosoma hayo nilikumbuka ile "pasha moto". Moto ndio unaozitikisa molekuli ziweze kufikia ile hali ya kujipanga mara nyingi zaidi. Kumbe nilipokwepa foleni ya jiko, nilikuwa naziambia molekuli zipande mlima bila kula!

Lakini hadithi haijaisha, maana kuna njia ya pili. Elektroni si lazima iruke pengo kati ya komplekisi mbili zilizo kando kando. Inaweza kupita juu ya daraja. Aliyethibitisha ni Henry Taube, naye alizaliwa Kanada, mwaka 1915, katika kijiji cha Neudorf, jimbo la Saskatchewan. Alikuwa mwalimu Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Alipokuwa akitayarisha somo la kufundisha kuhusu komplekisi, aliona vitabu vilivyokuwapo havimtoshelezi. Tafadhali soma sentensi hiyo mara mbili. Mwalimu alitazama kitabu, akaona hakijibu swali, akaingia maabara.

Jaribio lake la mwaka 1953 na wenzake lilikuwa hivi. Alichukua kobalti(III) iliyoshikwa na amonia tano na kloridi moja. Kobalti(III) ni bahili, haiachii ligandi zake upesi. Akaichanganya na kromiamu(II), ambayo ni kinyume chake: huachia na kushika ligandi upesi sana. Kromiamu ikatoa elektroni, kobalti ikapokea. Alipochunguza kilichobaki, akakuta ile kloridi sasa imeshikwa na kromiamu(III). Na kromiamu(III) nayo ni bahili, haishiki wala haiachii upesi. Basi kloridi iliingiaje?

Fikiri kama mpelelezi. Haikuingia baada ya elektroni kuhama, maana kromiamu(III) ingekuwa imefunga mlango. Haikuachiwa na kobalti mapema ikaelea majini, maana kobalti(III) haiachii upesi. Tena walitia ndani ya maji kloridi nyingine yenye mnururisho ili waone kama kromiamu ingeiokota hiyo, na karibu hakuna iliyookotwa. Linabaki jibu moja: wakati elektroni inavuka, kloridi ilikuwa imeshikwa na wote wawili, kobalti upande huu, kromiamu upande ule. Ilikuwa daraja. Elektroni ilipovuka, kobalti ikalegeza mkono na kromiamu ikaondoka na daraja lenyewe. Kwa kazi kama hizo Taube alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983, peke yake. Alifariki mwaka 2005.

Mimi niliposoma jaribio hilo nilisimama nikazunguka nyumba. Hakuna mashine kubwa humo. Ni kuchagua metali mbili zenye tabia tofauti na kuuliza swali zuri.

Sasa turudi kwa asidi oksaliki. Chuma kina kazi ndogo kwa upande wake: kinatoa elektroni moja, maji yake yanasogea kidogo, basi, hakuna kinachovunjika. Asidi oksaliki ina atomu mbili za kaboni zilizofungana, na ili itoe elektroni zake mbili na kuwa gesi ya kaboni dioksidi lazima kifungo hicho kikatike. Huo si mlima mdogo. Ndiyo maana volti kubwa haikusaidia kitu, na ndiyo maana tunapasha moto.

Kuna zaidi. Mwenye macho makali ataona kwamba hata ukipasha, matone ya kwanza huchelewa kupotea, kisha yanayofuata hupotea upesi. Nilimwomba fundi wa maabara ruhusa nikarudia mwenyewe wakati wa mapumziko, nikaona kwa macho yangu. Sababu ni kwamba pamanganeti ikishapokea elektroni inakuwa manganizi(II), na hiyo manganizi(II) inaharakisha kazi iliyobaki. Inafanya kazi pamoja na pamanganeti kutengeneza manganizi(III), ambayo hushikana na oksaleti kama ligandi yake, na elektroni sasa ina mahali pa kupita. Zao la kazi ndilo linalosaidia kazi. Ukitia chembe za manganizi(II) salfeti mapema, hata matone ya kwanza hayachelewi. Hebu niambie, je, hilo si tamu kuliko "andika tu"?

Najua watakaonipinga, nami nataka niwajibu kwa heshima.

Wa kwanza watasema mtihani hauulizi mambo ya Taube na Marcus. Kweli, haumuulizi Taube. Lakini mtihani unauliza titresheni, na mimi nilianguka titresheni. Ningejua ni kwa nini tunapasha moto, nisingethubutu kuacha. Agizo usilojua sababu yake ni rahisi kulivunja, na hata ukilitii unalisahau likizoni. Sababu haisahauliki. Leo ukiniamsha usiku wa manane nitakuambia nyuzi 60 hadi 70.

Wa pili watasema hakuna wakati. Hilo nalikubali nusu. Mwalimu hawezi kusimamisha darasa la watu hamsini kwa kila mkono unaoinuliwa. Lakini jibu la "haiulizwi" lilichukua sekunde tano, na jibu la "sababu ipo, katafute, uje utueleze Ijumaa" lingechukua sekunde tano pia. Tofauti ni kwamba la kwanza linafunga mlango na la pili linauacha wazi.

Wa tatu watasema mambo haya ni ya Kiingereza, Kiswahili hakiyawezi. Ewe msomaji, umefika hapa. Je, umeelewa daraja la kloridi? Umeelewa kwa nini kobalti inachelewa? Basi. Ni kweli nimeazima maneno kama elektroni na komplekisi, lakini hata Kiingereza kiliyaazima kutoka Kigiriki na Kilatini. Mimi mwenyewe nilipokuwa nasoma kile kitabu nilikuwa nakitafsiri kichwani kwa Kiswahili ndipo kiingie. Makanga na matatu hawamo katika kitabu hicho, niliwatia mimi, na ndio walionifungulia mlango.

Wapo pia watakaouliza elektroni hizi zinatufaa nini nyumbani. Vuta pumzi. Hewa uliyoivuta inatumika mwilini mwako kwa sababu elektroni zinapokezwa kutoka protini moja hadi nyingine, na nyingi za protini hizo zimebeba chuma ndani yake. Ya mwisho, ile inayoikabidhi oksijeni elektroni, ina chuma na shaba pia. Zinavuka kwa kanuni zile zile za kujipanga. Yule mwenzangu wa dawati anayetaka kuwa muuguzi atawahudumia watu ambao uhai wao unategemea hilo. Ni hasara kubwa iwapo atakata tamaa na kemia kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ina sababu.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili, na yote hayana gharama. Kwanza, liwekwe sanduku la karatasi nje ya maabara, tuliite Sanduku la Kwa Nini. Mwenye swali aliandike na kulitumbukiza, asicheke mtu. Pili, chama chetu cha Kiswahili kichukue swali moja kila wiki, wanachama wawili walitafute jibu kwa msaada wa walimu wa sayansi, na jibu libandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa matangazo. Mwalimu hatapoteza kipindi hata kimoja. Na sisi tutaacha kuwa watu wa kuandika tu.

Makala haya niliyasoma kwanza kwa mwenzangu wa dawati tukiwa njiani kwenda nyumbani. Alinyamaza hadi tukafika pale tunapoachana, nikadhani nimemchosha. Kisha akauliza, "Sasa na ile pamanganeti, yenyewe inapokea elektroni tano. Inazipokea zote kwa mpigo ama moja moja?"

Nilimwambia ukweli kwamba sijafika ukurasa huo. Swali lake litakuwa la kwanza katika sanduku.